Usitupe Rasimu: Miswada ya Mkono na Uhakiki wa Ushairi

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, hebu tuanze na jibu ambalo kila msahihishaji wa Karatasi ya Tatu ya Kiswahili amelisoma mara nyingi: "Mshairi ametumia inkisari ili kutosheleza mizani." Jibu hili si kosa, na pengine litatuzwa alama. Hata hivyo, linamsawiri mshairi kama fundi anayekata ubao ili uingie mlangoni, basi. Halielezi kwa nini alichagua ubao huo na si mwingine.

Kasoro hii ina chanzo. Mwanafunzi hukutana na shairi likiwa limekwisha kupigwa chapa, limepangwa beti kwa beti, halina doa. Hajawahi kuona neno lililofutwa, mshororo uliokataliwa wala kina kilichotafutwa mara tatu. Kwa hivyo hudhani kwamba shairi huzaliwa likiwa kamili, na kwamba kanuni za arudhi ndizo zilizolitunga.

Makala haya yanadai kuwa rasimu ya mkono, yaani ile karatasi chafu ambayo wengi wetu huitupa, ni ushahidi wa kihakiki. Ni vyema tuihifadhi, tuisome na tuitumie darasani. Tutaanza kwa kutofautisha istilahi, tuone jinsi mashairi yetu yalivyonusurika, tuichambue rasimu moja, kisha tueleze njia za kuhifadhi zinazowezekana hata katika shule isiyo na maktaba.

Rasimu, mswada na nakala

Maneno haya hutumiwa kiholela. Katika makala haya tutayatumia ifuatavyo:

(a) Rasimu ni andiko la mtunzi akiwa bado anatafuta. Lina kufutwa, mishale, maneno ya pembezoni na mara nyingine hesabu ya mizani iliyoandikwa kando.

(b) Mswada ni andiko lolote la mkono ambalo halijachapishwa. Rasimu ni aina ya mswada, lakini si kila mswada ni rasimu.

(c) Nakala safi ni mswada ambao mtunzi ameridhika nao na kuunakili upya.

(d) Nakala ya mnakili ni mswada ulioandikwa na mtu mwingine, ama kwa kutazama andiko la awali ama kwa kusikiliza.

Tofauti hizi ni muhimu kwa mhakiki. Rasimu inaonyesha fikra za mtunzi zikibadilika. Nakala ya mnakili, kwa upande mwingine, inaweza kuonyesha makosa, lahaja au hata imani za mnakili.

Mashairi yetu yalitufikiaje?

Tuchukue mfano wa Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka wa 1840. Huyu ndiye anayesifiwa kwa kulitoa shairi misikitini na kulipeleka sokoni. Hata hivyo, mashairi yake hayakutufikia kupitia daftari lake. Karibu nusu karne baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa aliyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akayaandika kwa hati za Kiarabu. Mmisionari William Taylor alifanya kazi pamoja naye, akayanakili kwa hati za Kirumi na kuyawekea maelezo. Karatasi za Taylor ziliishia katika maktaba ya chuo cha SOAS, London. Kutokana nazo William Hichens alitoa diwani ya Muyaka mwaka wa 1940 huko Johannesburg, na Mohamed Abdulaziz, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akachapisha uchunguzi wake mwaka wa 1979.

Ihesabu minyororo hiyo: kinywa cha Muyaka, kumbukumbu za watu, mkono wa Mwalimu Sikujua, mkono wa Taylor, kisha matbaa. Pete moja ingekatika, leo tusingekuwa na Muyaka wa kumfundisha. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka wa 1890. Angechelewa miaka kumi tu, huenda nusu ya hazina hiyo ingezikwa pamoja na wazee wa Mvita.

Kuna jambo jingine la kuzingatia hapa. Hati za Kiarabu katika umbo lake la kawaida hazina herufi mahususi za sauti kama /p/, /g/, /v/ na /ch/. Aidha, zina alama tatu tu za irabu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Hivyo /e/ na /i/ huweza kuandikwa kwa alama moja, vivyo hivyo /o/ na /u/. Msomaji wa mswada wa namna hiyo lazima aamue neno ni lipi kwa kutegemea muktadha, kina na mizani. Kwa maneno mengine, anapousoma mswada huwa tayari anauhakiki.

Mfano wa pili ni Utendi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka wa 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Kazi hii ilienea Lamu kwa kunakiliwa kwa mkono. Mtaalamu Alice Werner alipofika pwani mwanzoni mwa karne ya 20, Mwana Hashima alikuwa bado hai na alimsaidia kuufahamu utendi huo. Hapa aliyehifadhi ni mtoto wa mtunzi, wala hapakuwa na taasisi yoyote.

Vilevile, barua alizoandika Shaaban Robert kati ya 1931 na 1958 zilihifadhiwa na ndugu yake, Yusuf Ulenge. Zilichapishwa Dar es Salaam mwaka wa 2002 chini ya uhariri wa M. M. Mulokozi, miaka 40 baada ya kifo cha mwandishi. Kwa miaka yote hiyo zilikuwa karatasi tu za familia, na mtu asiyejali angewashia moto wa jikoni.

Mfano wa nne unahusu karatasi yenyewe. Abdilatif Abdalla alifungwa kwa ajili ya waraka wake wa mwaka wa 1968, Kenya: Twendapi? Akiwa gerezani hadi 1972, alitunga mashairi na kuyaandika kwenye karatasi za chooni, nayo yakatolewa nje kwa siri. Ndiyo yaliyokuja kuwa diwani ya Sauti ya Dhiki (1973). Miaka michache baadaye, mnamo 1978, Ngũgĩ wa Thiong'o naye aliandika rasimu ya riwaya ambayo kwa Kiswahili tunaijua kama Shetani Msalabani kwenye karatasi za aina hiyohiyo, katika gereza la Kamiti. Mwanafunzi akijua hayo, ataelewa kwamba mazingira ya utunzi si sentensi ya kukariri juu ya maisha ya mwandishi. Ni karatasi, kalamu, hofu na muda.

Nyimbo nazo je?

Katika taarabu ya Mombasa, mwimbaji na mtunzi wa maneno mara nyingi ni watu wawili. Mohamed Juma Bhalo aliimba mashairi mengi ya nduguye, Ahmad Nassir, yule Malenga wa Mvita ambaye diwani yake ilitoka mwaka wa 1971. Ahmad Nassir alibahatika kuchapishwa. Lakini yako maneno mengi ya taarabu yaliyoandikwa kwenye ukurasa mmoja, yakapelekwa kwa mwimbaji, yakarekodiwa kwenye kaseti, na ukurasa ukasahaulika. Kaseti huhifadhi sauti. Haihifadhi neno lililofutwa, na mara nyingi haimtaji mtunzi.

Hali hii haipo kwetu peke yetu. Huko Hong Kong, James Wong (1941–2004) alikuwa miongoni mwa watunzi maarufu wa maneno ya nyimbo za Kikantoni, zile zilizosikika redioni na katika vipindi vya televisheni. Alipofariki aliacha nyumbani kwake nyaraka tele, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Hong Kong wakafanya kazi ya kuzipanga na kuzisoma. Walitambua kwamba nyimbo zinazodharauliwa kuwa za burudani tu ndizo zinazobeba historia ya lugha ya mji. Je, sisi tunaofundisha Nairobi hatuna nyimbo za mji wetu?

Tunazo. Hapa Silanga, katika mtaa wa Kibera, vijana wetu wanaandika mashairi na nyimbo za kufoka kila siku. Wanaandika kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa mchanganyiko wa lugha za nyumbani. Wanaandika kwenye kurasa za mwisho za daftari la hesabu. Rasimu hizo ni ushahidi wa namna Kiswahili kinavyotungwa mjini katika karne ya 21. Mwisho wa muhula daftari hilo huwa la kufungia mandazi.

Rasimu inafichua nini?

Nadharia bila mfano ni kama ngoma isiyo na mchezaji. Ubeti ufuatao nimeutunga kwa ajili ya makala haya, kwa mtindo wa zile ambazo wanafunzi wa mtaa wetu huandika. Kwanza soma rasimu:

Maji tunayanunua, mtungi shilingi tano,
Foleni tangu asubuhi, ndoo zinachosha mikono,
Mvua inaponyesha, yajaa hadi viuno,
Ya bure yanatuua, ya kulipa ni ghali mno.

Sasa soma nakala safi:

Maji tunayanunua, mtungi shilingi tano,
Foleni kabla ya jua, ndoo zachosha mikono,
Inaponyesha mvua, yajaa hadi viuno,
Ya bure yanatuua, ya pesa ni mapigano.

Tuchunguze mabadiliko moja baada ya jingine.

Kwanza, katika mshororo wa pili, "tangu asubuhi" imekuwa "kabla ya jua". Ukwapi wa rasimu una mizani 9 na unamalizika kwa -hi, ilhali wa nakala safi una mizani 8 na unaoana na "tunayanunua". Mtahiniwa wa kawaida angeishia hapo. Lakini tazama: neno "jua" sasa limekabiliana na "mvua" ya mshororo unaofuata. Wakati wa jua shida ni moja, wakati wa mvua shida ni nyingine. Kwa kutafuta kina, mtunzi amepata pia ukinzani wa maana.

Pili, "zinachosha" imekuwa "zachosha". Mizani imepungua kutoka 9 hadi 8. Wengine wataharakisha kuiita inkisari. Hata hivyo, kiambishi -a- cha wakati ni cha kawaida katika sarufi ya Kiswahili, hasa katika maandishi. Afadhali mtahiniwa aseme kwamba mshairi ameteua umbo fupi la kitenzi kuliko kudai kwamba neno limekatwa.

Tatu, "Mvua inaponyesha" imekuwa "Inaponyesha mvua". Hesabu mizani: ni 8 katika rasimu na ni 8 katika nakala safi. Kwa hivyo anayesema kwamba maneno yamepinduliwa "ili kutosheleza mizani" amekosea wazi. Kilichotafutwa ni kina. Bila rasimu ni rahisi kutoa sababu isiyokuwepo.

Nne, na hapa ndipo penye uzito, utao wa mshororo wa mwisho ulipitia hatua tatu. Ulianza kuwa "ya kulipa ni ghali mno", wenye mizani 9. Ukarekebishwa kuwa "ya pesa ni ghali mno". Mizani ikawa 8, kina kikawa -no. Kiarudhi, kazi ilikuwa imekwisha. Lakini mtunzi aliufuta tena na kuandika "ya pesa ni mapigano". Kwa nini? Kwa sababu "ghali mno" ilirudia jambo ambalo mshororo wa kwanza umekwisha kulisema, yaani bei. "Mapigano" inaleta jambo jipya: maskini wanagombana wao kwa wao kwenye foleni. Aidha, inasimama sambamba na "yanatuua". Maji ya bure ni hatari na maji ya pesa ni vita. Mabadiliko haya hayakulazimishwa na mizani wala vina. Yalilazimishwa na dhamira.

Hilo ndilo fundisho kuu la rasimu: inatenganisha mabadiliko yaliyodaiwa na umbo na yale yaliyodaiwa na maana. Nakala iliyochapishwa huyaficha yote mawili.

Mtahiniwa afanyeje katika chumba cha mtihani?

Utasema, "Mwalimu, katika mtihani hatupewi rasimu." Ni kweli. Lakini unaweza kujiundia. Ukikutana na neno lililofupishwa, lililorefushwa au sentensi iliyopinduliwa, fanya yafuatayo:

(i) Andika pembeni umbo la kawaida la neno au sentensi hiyo.

(ii) Hesabu mizani na utazame kina cha umbo hilo la kawaida.

(iii) Amua kilichoharibika: ni mizani, ni kina, au hakuna kilichoharibika.

(iv) Ikiwa hakuna kilichoharibika, tafuta sababu ya kimaana: msisitizo, taswira, ukinzani au toni.

Hatua hizi nne huchukua dakika moja. Zitakuepusha na majibu ya kukariri, na zitamwonyesha msahihishaji kwamba umelisoma shairi lenyewe.

Jinsi ya kuhifadhi rasimu shuleni

Tukikubali kwamba rasimu ina thamani, swali linalofuata ni la utendaji. Silanga inapakana na bwawa la Nairobi, na nyumba zetu nyingi ni za mabati na udongo. Maji, moto, panya na mchwa havisubiri tupate maktaba. Mafuriko ya mwaka wa 2024 yalitukumbusha kwamba daftari lililowekwa chini ya kitanda halina mwenyewe. Mapendekezo yafuatayo hayahitaji fedha nyingi.

1. Weka jina na tarehe. Kila rasimu iwe na jina la mtunzi, tarehe na kichwa, hata cha muda. Tumia penseli. Wino wa baadhi ya kalamu husambaa karatasi ikilowa, lakini risasi ya penseli hubaki.

2. Futa kwa mstari mmoja. Wafunze wanafunzi kukata neno kwa mstari mmoja ili liendelee kusomeka. Marufuku kufuta kwa wino mweupe au kung'oa ukurasa.

3. Ondoa pini na stepo. Chuma hushika kutu, na kutu hula karatasi. Funga kurasa kwa kuzikunjia karatasi nyingine safi.

4. Usitumie selotepu wala usizibe kwa plastiki ya moto. Gundi ya selotepu hugeuka rangi na kuacha doa lisilotoka. Karatasi iliyozibwa kwa plastiki haiwezi tena kutolewa bila kuharibika.

5. Inua kutoka sakafuni. Sanduku la plastiki lenye kifuniko, likiwekwa juu ya rafu au kabati, linatosha. Hakikisha karatasi zimekauka kabla ya kufunika, la sivyo zitaota kuvu.

6. Zikilowa, zianike kivulini. Zitenganishe polepole, uziweke mahali penye upepo, na uweke karatasi nyeupe katikati. Usitumie gazeti, kwani wino wake huhamia kwenye rasimu. Usianike juani wala usipige pasi. Jitahidi zikauke katika muda wa saa 48, kabla kuvu haijaanza.

7. Piga picha. Simu ya kawaida inatosha. Tumia mwanga wa mchana, usiwashe taa ya kamera, shikilia simu sambamba na karatasi, na upige pande zote mbili, hata ule usio na maandishi mengi. Hifadhi picha hizo mahali pawili tofauti. Hata hivyo, picha isiwe sababu ya kutupa karatasi. Picha haionyeshi vizuri neno lililofutwa kwa raba ambalo bado limeacha alama.

Kuhusu mikusanyo mikubwa, mwalimu anaweza kujifunza kutoka kwa waliotangulia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyo mkubwa wa miswada ya Kiswahili, na orodha yake iliyotayarishwa na J. W. T. Allen ilichapishwa mwaka wa 1970. Lamu nako, mashairi ya Ustadh Mahmoud Abdulkadir, maarufu kama Ustadh Mau, yaliyokuwa yakienea kwa miswada na kaseti, yalitolewa katika kitabu mwaka wa 2023, mtunzi akiwa hai na akishiriki katika kazi hiyo. Huu ni mwelekeo bora kuliko kungoja matanga.

Ruhusa ya mtunzi

Rasimu ni mali ya aliyeiandika, hata akiwa mwanafunzi wa kidato cha pili. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inalinda kazi ya fasihi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Kwa hivyo usichapishe wala usisome hadharani rasimu ya mwanafunzi bila idhini yake. Aidha, rasimu hufichua siri. Neno lililofutwa huenda ni jina la mtu, au ni jambo la nyumbani ambalo mtunzi aliamua kulificha. Muulize anachotaka kionekane na anachotaka kisionekane, na uheshimu jibu lake. Akisema umrudishie karatasi yake, mrudishie.

Hitimisho

Tumeona kwamba fasihi andishi ya Kiswahili ilinusurika kwa sababu watu wachache walikataa kutupa karatasi: mwalimu wa Mvita, binti wa Pate na Lamu, ndugu wa mwandishi wa Tanga, na mikono ya siri iliyopokea karatasi za gerezani. Tumeona pia kwamba rasimu humfunza mwanafunzi tofauti kati ya mahitaji ya umbo na mahitaji ya maana, tofauti ambayo nakala iliyochapishwa humficha.

Mwalimu mwenzangu, safari hii unapokusanya insha na mashairi ya wanafunzi wako, omba nakala safi pamoja na rasimu yake. Zisome zote mbili kabla ya kutia alama. Kisha zitafutie sanduku lenye kifuniko.

Zoezi

1. Tofautisha rasimu, nakala safi na nakala ya mnakili. (alama 3)

2. "Mshairi hubadilisha maneno ili kutosheleza mizani tu." Jadili kauli hii kwa kurejelea rasimu na nakala safi zilizotolewa katika makala haya. (alama 6)

3. Eleza matatizo mawili yanayomkabili msomaji wa mswada wa Kiswahili ulioandikwa kwa hati za Kiarabu. (alama 4)

4. Tunga ubeti mmoja wa tarbia kuhusu jambo lolote la mtaani kwenu. Wasilisha rasimu yako pamoja na nakala safi, kisha ueleze mabadiliko matatu uliyoyafanya na sababu ya kila moja. (alama 7)